Kimia Kilichozama Bila Risasi

Mwenyekiti, mama zetu wauza samaki, wavuvi wa ziwani na wa mtoni, na ndugu zetu wafugaji mliokuwa mkipita tu mkasikia kuna pilau: nawasalimu nyote. Nimeombwa niseme yaliyonipata, nami nitayasema kwa mpangilio yalivyokuja.

Mimi ni mshonaji wa vimia. Wengi wenu hapa Garsen, na hata kule Kipini, mmerusha kimia nilichokishona. Mnajua kazi ilivyo: wavu ukikamilika, unatiwa machubwi ukingoni, vile vipande vya risasi vya kuuzamisha. Tulikuwa tunayeyusha risasi ya betri kuukuu za magari kwenye sufuria, tunamimina vipande vyembamba, halafu unazungusha kipande kwenye kamba na kukiuma kwa meno mpaka kikaze. Mkono mmoja umeshika wavu, wa pili umeshika kamba. Ndugu zangu, kilichobaki ni meno. Baba yangu aliuma, nami nikauma.

Lilianza tumbo. Linasokota, linaacha, linarudi. Nikanywa dawa za vidonda vya tumbo. Kisha kiganja cha kulia kikalegea. Nikiinua mkono, kinaning'inia kama jani la mgomba lililovunjika. Nikirusha kimia, kinaangukia miguuni pangu. Mwenzangu mmoja akaniuliza ziwani, "Kaka, leo unavua vidole vyako mwenyewe?" Tukacheka. Nyumbani sikucheka. Mshonaji asiye na mkono atalisha watoto kwa kitu gani? Na kijijini kwetu Kulesa sababu ya ugonjwa ilishapatikana: nimerogwa na mshonaji mwenzangu. Hana hatia, maskini. Amekaa pale, anacheka.

Mke wangu alikataa habari za uchawi. Akanipeleka hospitali ya Hola. Daktari, kijana wa bara, akanifungua mdomo, akaona mstari wa rangi ya buluu nzito kwenye ufizi.

"Mzee, unatafuna tumbaku?"

"Hapana."

"Miraa?"

Mke wangu akadakia, "Anatafuna machubwi, daktari."

"Machubwi ni mboga gani?"

Mke wangu alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akamweleza yote: betri, sufuria, meno. Daktari akaweka kalamu chini. Damu yangu ikapelekwa mbali kupimwa, na jibu likarudi kwamba mwilini mwangu mmejaa risasi, nayo ndiyo inayoharibu mishipa ya fahamu ya mkono. Watoto nao walipimwa, kwa sababu sufuria ile ilikuwa ikichemka karibu na jiko la mama yao. Kwao ilikuwa kidogo, ikaisha. Siku hiyo nilimshukuru Mungu nikiwa nimesimama katikati ya barabara.

"Dawa nitakupa," daktari aliniambia, "lakini ukirudi kuuma, usirudi kwangu."

Nikaacha. Tumbo likapona upesi, mkono ukaanza kurudi pole pole, lakini kazi ilikuwa imekufa. Nani anunue kimia kisichozama? Nilijaribu kokoto, zikachomoka. Nikajaribu nati za gereji. Mtoni zilifaa, ila kutu ilikula kamba.

Hapo akaingia mama mkwe, ambaye ni mfinyanzi wa vyungu. Adabu yetu mnaijua, mkwe na mkwe hawasemezani ana kwa ana. Basi tumekaa ua mmoja, mimi huku, yeye kule ametupa mgongo, mke wangu katikati.

"Mwambie mume wako udongo ukichomwa vizuri unazama."

"Mwambie mama udongo ni mwepesi kuliko risasi."

"Mwambie atie mwingi, basi. Au anangoja ruhusa ya mamba?"

Akafinyanga shanga nene zenye tundu katikati, akazichoma pamoja na vyungu vyake. Nikazipitisha kwenye kamba moja moja, bila jino.

Asubuhi ya kujaribu, watu walijaa ukingoni mwa ziwa. "Anavua kwa vyungu! Mleteeni na mwiko!" Nikarusha. Kimia kikaelea kidogo, kikazama kimekunjamana kama leso iliyoloa. Vicheko vilishtua ng'ombe. Mama mkwe akatuma neno kwamba shanga ziwe maradufu. Tukaongeza palepale. Nikarusha tena, na mkono huu, ndugu zangu, ukazunguka, kiganja kikafunguka, kimia kikatanda mviringo juu ya maji na kushuka chote kwa pamoja. Kikapanda na kambare na tilapia. Watu walitazama samaki. Mimi nilikuwa natazama kiganja.

Namshukuru mke wangu, namshukuru daktari, na mama mkwe shukrani zake atafikishiwa. Nawashukuru hata mlionicheka, maana ndio mlionunua vimia vya kwanza.

Nimejifunza hivi: ukiumwa, mweleze daktari kazi yako, mpaka namna unavyoshika uzi. Na sitawadanganya, mto ukifurika udongo haushindi risasi. Huko tumieni nati, mbadilishe kamba ikichakaa. Kubadilisha kamba si kazi kubwa kama kujifunza kula kwa mkono wa kushoto.

Risasi kuukuu msiitupe mtoni, wala watoto wasiichezee. Kesho asubuhi nitakuwa ziwani na kapu la shanga na ndoo yenye kifuniko. Njooni na vimia vyenu. Machubwi nitayakata mimi mwenyewe, kwa koleo.