Kikao cha Foleni

Bajaji ya Rogath ilinasa kwenye foleni mtaa wa Gerezani, nyuma ya lori la saruji, na abiria wake wawili, wasiojuana, wakaanza kubishana. Wote walikuwa wakiwahi kikao cha wananchi kuhusu kupanuliwa kwa ofisi ya serikali, jambo ambalo lingeongeza foleni mbele ya maduka. "Foleni ni wateja, mwanangu," alisema Mzee Humoud, muuza sufuria. "Mtu akikwama mbele ya duka, lazima aulizie bei."

"Shikamoo nilishakupa, mzee, sasa niache niseme," alijibu Candida wa vitenge. "Mlangoni kwangu lori limekwama wiki nzima, na halijaulizia hata leso."

Rogath aliguna kwa adabu, asije akakosana na nauli. Simu ya Candida ikaita. Akasikiliza, akaishusha taratibu. "Kikao kimefungwa. Maofisa wameandika kwamba wananchi hawakutokea, kwa hiyo hawana pingamizi."

Rogath akazima injini.