Bwana Saa Mbili na Damu ya Watoto wa Farasi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, fundi sanifu wetu wa maabara ya mifupa atarudisha koti jeupe na kustaafu. Wengi tunamwita Bwana Saa Mbili. Damu ya farasi hubadilika kadiri siku inavyosonga, hivyo sampuli zote alizitoa saa mbili kamili asubuhi, kabla wanyama hawajalishwa, na ole wako umcheleweshe.

Wanyama wenyewe hawakumpenda. Mlishaji akiingia zizini, watoto wa farasi humkimbilia. Akiingia yeye na sindano, humkimbia na kujificha nyuma ya mama zao. Mmoja aliwahi kumng'oa mfuko wa shati na kuitafuna orodha ya sampuli iliyokuwemo. Aliiandika upya kwa kichwa na hakukosea hata namba moja.

Sifa yake kubwa ilianza kwa kukaripiwa. Kupitia damu, tulikuwa tukipima jinsi mifupa ya farasi wachanga inavyojijenga, na kila mwaka vipimo vilishuka miezi ya baridi. Wakubwa wakasema ni baridi. Yeye akauliza kwa upole, je, si wote walizaliwa majira ya joto? Baridi ikifika, umri nao umeshasogea. Kumbe kimyakimya alikuwa akihifadhi damu ya watano waliozaliwa nje ya msimu, ambao mpango wa utafiti uliwaacha. Mkuu wa maabara alimfokea kwa kupoteza mirija ya sampuli. Tulipoipima damu ile, vipimo vya wadogo hao vilikuwa juu katikati ya baridi, ingawa si juu kama vya wenzao wa umri huohuo wakati wa joto. Umri ndio ulioshusha zaidi. Majira yalichangia kidogo. Mkuu aliomba radhi mbele yetu sote, jambo ambalo sijaliona tena.

Miaka minne iliyopita alimzika mkewe Jumatatu, na Jumanne alikuwa zizini. Tangu hapo hajachukua likizo hata siku moja, nasi tukampa cheti kwa hilo. Tulisema ana roho ngumu. Mimi, niliyekaa meza inayotazamana na yake miaka kumi na tisa, nilisema hivyo pia, na leo naona haya. Nilipokwenda kwake kukusanya habari za makala haya, nilikuta meza ya watu sita, na kiti kilichochakaa ni kimoja tu. Mwanawe yuko mbali, hupiga simu Jumapili. Nilimuuliza kwa nini hakupumzika.

"Nyumbani ningeongea na nani?" akasema.

Aliomba, akishastaafu, aruhusiwe kuja kila Jumanne, siku ya sampuli, kushika kamba za farasi tu, bila malipo. Ofisi ilijibu kwa heshima kwamba asiye mtumishi haingii zizini, kwa sababu za bima. Aliikunja barua vizuri akaitia kwenye droo. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma.

Lakini uzio wa malisho umepakana na barabara ya watu wote, na barabarani hapahitajiki kibali. Mlishaji na mimi tumeshakubaliana. Kila Jumanne tukimaliza sampuli, tutawaleta farasi upande ule, yeye akisubiri ng'ambo ya uzio, na chupa ya chai nitaibeba mwenyewe.

Mzee wetu, ahsante kwa kazi yako na kwa kutuvumilia. Tunakutakia afya njema na siku zenye watu ndani yake. Ya Jumanne niachie mimi.