Dakika Tisa za Kamusi

— Vichwa arobaini, Wembe. Bure. Usitafute mlango wa kutokea.

— Silipi hata kisogo kimoja. Umeiba.

— Nimeiba nini? Simu yangu iko kwenye droo yako. Gazeti tumelinunua mbele yako, likiwa bado limekunjwa. Kalamu ni yako. Labda useme nimeiba akili, na hiyo kwako nisingeikuta.

Hapo ndipo tulipokuwa tumefika leo, kwenye benchi letu lililo kati ya kinyozi na fundi viatu. Kinyozi ndiye Wembe. Fundi viatu tunamwita Kamusi, kwa sababu hakuna neno analoweza kukiri kuwa halijui, na chini ya pua yake kuna masharubu yenye umri mkubwa kuliko ndoa yake. Walikuwa wamewekeana hivi: Kamusi akimaliza chemshabongo ya gazeti ndani ya dakika kumi, Wembe atawanyoa bure wanaume wote wa ukoo wake kwa ajili ya harusi ya binti yake Jumamosi. Zikimpita, masharubu yanakwenda, na harusini ataingia mdomo mtupu. Mimi natengeneza baiskeli hapo jirani. Walinifanya refa kwa kuwa sijui kupendelea. Nikikasirika, namkasirikia kila mtu sawasawa. Nilikusanya simu zote, mtu asije akachungulia majibu, nikazifungia kwenye droo ya Wembe, na mwendo nikaupima kwa saa yake ya ukutani. Dakika tisa. Nikatangaza, benchi zima likawaka.

— Mwezi jana alikuwa anahangaika nayo nusu saa, akasema Wembe. Mtu haongezi mbio namna hiyo. Haraka haraka haina baraka.

— Ndiyo, haraka mara mbili haina baraka, akajibu Kamusi. Mimi nimefanya haraka moja tu.

— Basi tueleze umefanyaje.

— Nimeanzia chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nyinyi wote mnaanza na kidokezo cha kwanza kule juu, ndiko mtunga fumbo alikotega. Akifika chini ameshachoka, anataka kwenda nyumbani, anaweka maneno mepesi mepesi. Halafu herufi ya mwisho naijaza kabla sijalijua neno. Natupa a kila mahali kama mtu anayetupa mbegu. Itakayoota, itaota.

Mzee Mstaafu, aliyetumikia dirisha la posta mpaka nywele zikaisha, hakuweza kuvumilia.

— Kijana, usitambe na nguo ya kuazima. Nani alikwambia usisome kidokezo kizima?

— Ni wewe, mzee.

— Waambie hawa.

— Mzee aliniambia nisome neno la mwisho tu.

— Kwa sababu mtunga fumbo ni kama mgeni mwenye shida, akasema Mstaafu. Atakusalimia, ataulizia watoto, ataisifu nyumba. Shida yenyewe ataitaja ameshashika kitasa cha mlango. Ukimsikiliza tangu mwanzo, umepoteza siku.

Muuza kahawa wetu, Birika, akakitua chombo chake chini kwa kishindo.

— Hizo zote ni hewa. Ni kahawa yangu. Hamjaona wiki hii anainywa kasimama? Ukinywa umekaa, kahawa inajikunja tumboni, inalala. Ukisimama inashuka kwa kasi mpaka nyayoni, ikigonga chini inarudi juu, moja kwa moja kichwani.

— Inarudi?

— Kama mpira.

— Na nywele je? akadakia Wembe. Kile kichwa nimekipunguza mimi Jumatatu, kikapata upepo. Hilo hamlitaji.

Nikamwambia: — Wembe, si ni wewe uliyesema ameiba?

— Ameiba. Lakini kichwa alichoibia nimekinyoa mimi.

Mstaafu alikuwa ameshachukua kipande cha chaki ya Kamusi, anachora mstari kwenye ubao wa benchi, unashuka.

— Tazameni mwendo huu. Nusu saa. Robo saa. Sasa tisa. Mstari haujui kusimama. Mwisho wa mwaka atakuwa anamaliza kabla gazeti halijafika mtaani.

— Kabla halijachapwa, akasema Birika.

— Jana niliota neno, akasema Kamusi, sauti ameishusha. Neno refu. Leo lilikuwamo.

— Neno gani?

— Limenitoka. Lakini lilikuwamo.

Kisha wote wakaanza kusema kwa pamoja. Birika alitaka Kamusi apelekwe akashindane na makarani wa benki. Mstaafu akasema makarani ni wadogo, atafutwe anayetunga fumbo lenyewe. Vikombe vilijazwa bila mtu kuagiza. Sitaki kudanganya, hata mimi nilijisahau, nikashika kikombe kwa mikono yenye grisi, kwa kuwa mtu wa benchi letu alikuwa amefanya kitu na mimi ndiye niliyekipima.

Hapo dada mmoja akainuka kwenye ngazi ya kinyozi, ndoo ya unga mkononi. Alikuwa amefika kuchukua viatu vyake wakati Kamusi ndio kwanza anashika kalamu, nasi tukamwomba atupishe, arudi baadaye.

— Shikamoo mzee. Samahanini kaka zangu. Mnasema dakika tisa?

— Tisa, dada, nikamjibu. Nimezisoma mwenyewe.

— Mlipoanza si ndipo mliponifukuza? Nikaenda mashineni. Nikakuta foleni, nikapanga. Nikagombana na mwanamke aliyetaka kunipita. Nikasagiwa, nikarudi na ndoo yangu, nikawakuta bado mmeinama. Ndiyo nikakaa hapa nisiwasumbue. Yote hayo nimeyafanya kwa dakika tisa?

Birika alifunua kifuniko akatazama ndani ya kahawa yake. Mstaafu alianza kuhesabu kwa vidole, akaviacha njiani. Nikaingia kwa kinyozi, nikasimama chini ya saa. Mshale wa sekunde ulikuwa unapanda hatua moja, unarudi, unapanda tena ileile, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.

— Wembe, saa hii ina nini?

— Betri tu. Imechoka tangu mwezi jana. Kila asubuhi naisogeza mbele kwa kufuata redio. Siku hizi naisogeza sana.

— Na ukanyamaza.

— Mlikuwa mnaongea habari za kahawa.

Nikafungua droo. Simu yangu na ile saa zilikuwa hazijuani kabisa. Hasira ikanipanda, ikakosa pa kutua: simu nilizifungia mimi, saa niliisoma mimi. Na Kamusi ni rafiki yangu, hata kamati ya harusi nimo. Lakini refa ni refa.

— Kamusi, zimekupita. Tena kwa mbali.

— Lakini nimekimbia, Refa. Uliuona mkono ulivyokuwa unakwenda.

— Mkono ulikwenda. Saa ndiyo ilikuwa imelala.

— Tuweke betri mpya, turudie.

— Gazeti umeshalijaza.

Kamusi akayashika masharubu kwa mikono miwili, kila mkono na upande wake.

— Wembe, ndugu yangu. Harusi ni Jumamosi. Wakwe wataulizana baba wa bibi harusi yuko wapi.

— Watakujua kwa sauti.

— Mama watoto hajawahi kuuona mdomo wangu wa juu.

— Basi atapata mume mpya bila mahari.

Wembe alivuta kitambaa cheupe kilichokuwa begani mwake, akakikung'uta, akakizungusha kiti mpaka kikamtazama Kamusi.

— Ulisema dakika kumi. Nipe masharubu yangu.