Kifua cha Zefania

IRINE: Haloo? Nani mwenzangu?

ZEFANIA: Mimi hapa, Zefania. Shikamoo, dada.

IRINE: Marahaba, mdogo wangu. Mbona simu inakwaruza hivyo?

ZEFANIA: Niko kibanda cha simu, Same stendi. Kadi ya simu yenyewe ya kuazima, kwa hiyo usianze na habari za mvua ya Moshi —

IRINE: Na kweli inanyesha. Kifua?

ZEFANIA: Kinapiga filimbi tu.

IRINE: Si ulihamishwa kutoka brashi, kule kwenye mashine za kusafisha nyuzi za mkonge?

ZEFANIA: Tangu Pasaka. Tajiri mpya aliponunua shamba la mkonge nilimwomba, akaniweka getini. Vumbi la singa, zile nyuzi, nalionea mbali. Lakini usiku nabanwa vilevile. Ile dawa yako ya kupuliza inafungua kidogo, halafu —

IRINE: Inabana tena.

ZEFANIA: Ehee. Nadhani ni feki. Soko huria hili, kila kitu feki.

IRINE: Miaka yote nauguza vifua, nije nikupe wewe feki? Sikiliza. Kwenye mirija ya hewa kuna vipokezi, kama vitufe vidogo vya kupokea amri. Vingine vikiguswa vinaamuru mrija ubane. Kimoja kazi yake ni kusema basi, inatosha. Sasa ukivuta vumbi usilopatana nalo, chembe nyeupe za damu zinakuja kupigana nalo, na uchafu wa vita hiyo unakiziba kile cha kusema basi.

ZEFANIA: Mrija unabana tu, kama honi iliyokwama.

IRINE: Hapo sasa. Ukilikwepa vumbi, kinazibuka taratibu. Chako hakizibuki. Unalivuta wapi?

ZEFANIA: Silivuti. Natoka getini, nakula, najitupa kitandani — (mkwaruzo) — ungeliona godoro langu, dada. La dukani halishikiki bei.

IRINE: Godoro gani?

ZEFANIA: Nimelishona mwenyewe. Sisi tuliotoka brashi tuliruhusiwa kubeba masalia ya singa, kama asante. Nimeshindilia mpaka —

IRINE: Zefa.

ZEFANIA: Naam.

IRINE: Umelikimbia vumbi, ukaenda kulilalia.

ZEFANIA: Loo. Na kila Jumamosi nalipiga fimbo liumuke.

IRINE: Halafu Jumapili kwaya inakushinda.

ZEFANIA: (anacheka, anakohoa) Wananiambia nimezeeka.

IRINE: Leo lala kwenye mkeka. Hilo litupe, usilichome. Haya, mama hajambo?

ZEFANIA: Hajambo. Nilipanda kwake mlimani, Suji, wiki iliyopita. Anakohoa kidogo, anasema baridi.

IRINE: Mama? Kazaliwa kwenye baridi hiyo, lini ikamkohoza?

ZEFANIA: Dada. Yalikuwa mawili.

IRINE: Mawili nini?

ZEFANIA: Magodoro. Lililojaa vizuri nilimpelekea yeye. Akaniombea baraka hadi nikaona aibu.

IRINE: Gari la Suji limeshaondoka?

ZEFANIA: Naliona, linapakia. Kadi inalia, inaisha. Dada, ile ngozi yake ya kulalia niliitupa mwenyewe, nikamwambia imepitwa na wakati —

IRINE: Utaitafuta. Kimbia, ukamtoe kwenye godoro hilo. Taratibu lakini, kifua hicho —

ZEFANIA: Nimesha— (simu inakatika)