Minyaa Iliyohama Mtendeni

Benchi letu la Mtendeni limeegemea uzio wa minyaa unaotenganisha uwanja wa Uwesu na bustani ya Bi Shamila. Septemba ikiingia na jua likaanza kuchoma, hapo ndipo penye kivuli cha asubuhi. Mbele ya benchi, upande wa Uwesu, vimejipanga kwa mstari visiki vitano vikavu. Ndizo meza zetu za vikombe. Bi Shamila ni mjane wa baba yangu mdogo. Mwaka aliozikwa mumewe, kutoka kisimani kwake hadi kwenye uzio palikuwa na hatua kumi na nane. Nilizihesabu na kuziandika. Juzi nimehesabu tena: nne. Uzio ukihama mara moja zaidi, mchicha wake na kisima vitakuwa kwa Uwesu. Bi Shamila amemwita mjumbe wa mtaa, naye ameahidi kufika leo saa nne. Mimi ni ndugu, ushahidi wangu haukubaliki. Mashahidi ni watu wa benchi: Uwesu mwenyewe, tunayemwita Injinia kwa ajili ya futi kamba ya kupimia iliyo mfukoni mwake, ambayo hatujawahi kuiona ikifunguliwa; Valentino, mstaafu wa reli; Ngassa, ambaye kila jambo amelisikia redioni; na Yahaya muuza kahawa.

UWESU — Mjumbe akija tumwambie ukweli mtupu. Uzio umesogea, sikatai. Ila umesogea wenyewe.

VALENTINO — Hilo naweka sahihi. Ni treni. Ikipita ya mizigo, hata meno yangu ya bandia yanacheza kwenye glasi. Sembuse minyaa?

NGASSA — Acha hizo, mzee. Treni ingesogeza na choo chako. Hii ni mizizi. Redioni walieleza, kiangazi mizizi inanusa maji. Kisima kiko wapi? Kwa Bi Shamila. Basi minyaa inaenda kunywa.

YAHAYA — Inaenda kwa miguu?

NGASSA — Wewe mimina kahawa. Sayansi tuachie wenyewe.

UWESU — Sasa mimi nifanyeje? Niifunge kamba kama mbuzi?

Walicheka sana. Nyuma ya uzio maji yaliacha kumwagika kwenye mchicha.

BI SHAMILA — Bwana Uwesu, na hiyo minyaa yako ikitembea, panga huwa inabeba yenyewe?

UWESU — Mama, panga ni la kupunguzia tu. Kila Septemba napunguza. Vipande vikidondoka huko kwako vikashika, kosa langu?

BI SHAMILA — Vinadondoka kwa mstari?

Uwesu alikunywa kahawa iliyokuwa imekwisha.

NGASSA — Upepo wa mwezi huu huwa unavuma kwa mstari. Walitangaza.

YAHAYA — Lini?

NGASSA — Hukuwepo.

VALENTINO — Jamani, mnasahau jambo kubwa. Misafara ya zamani ilipita hapa hapa. Wapagazi wangapi walizikwa njiani? Wako chini yetu. Joto likizidi wanajigeuza, nao wakijigeuza, ardhi inakwenda nao.

YAHAYA — Wote wanageukia upande mmoja?

VALENTINO — Walikuwa wanapeleka pembe za ndovu pwani, Yahaya. Wageukie wapi, Kigoma? Kisima kiko mashariki!

Ngassa alipiga paja. Hata Uwesu alionekana kuguswa na msiba wa wapagazi.

UWESU — Basi tumwambie hivyo. Treni, mizizi, upepo na marehemu. Mjumbe achague.

NGASSA — Na wewe hapo humo.

UWESU — Mimi nimo vipi? Mimi ni jirani tu.

Hapo akatokea Mhoja, kijana wa Goweko ambaye Bi Shamila amemwita kutoa tope kisimani kabla maji hayajakauka. Tope lilikuwa limemfika kifuani.

MHOJA — Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

Yahaya akampa kikombe. Mhoja akatafuta pa kukiweka, visiki vyote vikawa vina vikombe. Akachutama, akakwangua kisiki kimoja kwa ukucha, akatazama minyaa ya uzio, akainama kuangalia vingine, mpaka cha mwisho karibu na barabara. Mjumbe alikuwa anakata kona, daftari kwapani.

MHOJA — Samahanini, wazee wangu. Hivi visiki, hapa palikuwa na miti gani?

Valentino akatazama upande wa stesheni. Ngassa akaipandisha sauti redio yake ndogo, ikatoa mikwaruzo tu. Yahaya akanitazama mimi. Nami nikamtazama Uwesu.

UWESU — Kahawa imepoa hii.

Mjumbe akasalimia. Kwa adabu ya kumpokea mgeni, au kwa sababu nyingine, Valentino akanyanyua kikombe chake kutoka kwenye kisiki. Ngassa naye akanyanyua chake. Yahaya akakusanya vilivyobaki. Uwesu peke yake alivua kofia, akaifunika juu ya kisiki kilichokuwa mbele yake.

Vinne vilivyokuwa wazi vilitosha. Mjumbe akaufuata mstari kwa macho kutoka ukuta wa nyumba ya Uwesu hadi barabarani, akageukia uzio, kisha akageukia kofia.

MJUMBE — Injinia, hebu nipe hiyo futi kamba.