Nyimbo Ishirini kwa Koo Moja

Jumamosi, tarehe 17 Novemba 1979, saa nne na robo asubuhi, manyunyu yalikuwa yakiliangukia soko la Walthamstow, huku ughaibuni, na benchi chini ya turubai la duka la Kanti lilikwisha kupata watu wake. Kanti, muuza viungo, tulimwita Karafuu. Alihama Unguja baada ya Mapinduzi. Mohinder, kondakta wa basi, alikuwa Tikiti. Wa tatu alikuwa Telesphor, Profesa, aliyesoma Peking akarudi na tamthilia ya mtunzi wa Kichina wa miaka mia saba iliyopita, ambayo aliitafsiri mwenyewe. Chama chetu cha maigizo kingeiigiza jioni ile. Kwa kanuni ya mtunzi, mhusika mkuu peke yake ndiye huimba, sehemu zote nne. Wengine husema tu. Mhusika huyo alikuwa Generosa, muuguzi, ambaye wiki nzima alikuwa shifti ya usiku, na sauti ilikwisha kuanza kukwaruza. Telesphor alikataa kugawa hata wimbo mmoja.

Karafuu alitaka kujua sababu ya kanuni hiyo. Telesphor alijibu, kwa uchovu wa mtu aliyeulizwa mara nyingi, kwamba maisha ya mtunzi yanajulikana kidogo mno: Wamongolia walitawala, wasomi wakakosa vyeo, baadhi wakageukia jukwaa.

— Basi ni wazi, alisema Karafuu. Serikali ikigeuka, watu hukimbia. Mtunzi alibakiwa na mwimbaji mmoja.

Tikiti alishikilia kuwa ni mapenzi: mtunzi alimpenda mwimbaji wake. Alipochekwa, akaongeza kwamba Wamongolia walikuwa wakikamata waimbaji, hivyo mtunzi akaona heri kupoteza mmoja kuliko kundi zima.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, alihitimisha.

— Methali hiyo inakupinga, bwana, alisema Karafuu.

— Inampinga chawa.

Hapo akafika Generosa, sare ya wodini ikichungulia chini ya koti. Karafuu akampisha, akammiminia kahawa ya mwisho. Alisikiliza nadharia zote, kikombe kikiwa viganjani.

— Kaka Telesphor, aliuliza, sauti ikikatika katikati, huyo mwimbaji wake alikuwa akipumzika saa ngapi?

Tikiti aliangalia barabara. Karafuu alitikisa chupa ya kahawa, ingawa alijua ni tupu.

— Vitabu havisemi, dada, alijibu Telesphor.

— Na wewe unasemaje?

Mazoezi yote yalifanyika stoo ya Karafuu, nasi sote nyimbo tulikwisha kuzishika, hata Tikiti, ambaye hakuna aliyemwomba. Telesphor alitoa makaratasi ya tamthilia kifuani mwa koti, akampa Generosa pamoja na penseli.

— Weka alama kwenye nyimbo utakazobaki nazo. Nyingine tutaimba sisi.

— Na kanuni?

— Mtunzi mwenyewe hayupo.

Generosa alifungua kurasa za mwisho, akaweka alama zake, akaegemea mlango wa duka na kusinzia. Telesphor alizihesabu bila kumwamsha. Kati ya nyimbo ishirini, Generosa alijibakizia tatu.