Bi Thuraya na Bembea ya Minyororo

Sauti mnayoisikia, wasikilizaji wapendwa, si mlango unaotaka grisi. Ni minyororo. Ni viti vya bembea ya Mtoni, pale kwenye viwanja vya Kwa Erasmus, nilivirekodi mwenyewe siku ya Idi Pili. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeipenda sauti hiyo kuliko taarabu, kuliko redio, na nadhani hata kuliko kipindi hiki.

Jina lake ni Bi Thuraya Azzam. Mkazi wa Mtoni, Temeke. Mwenye duka, mjane, mama wa Ahlam. Na shabiki wa bembea. Narudia kwa wale mliofungua redio sasa hivi: shabiki wa bembea. Wengine wana timu zao za mpira. Yeye alikuwa na viti vinavyoning'inia kwenye minyororo, na alivishangilia miaka yote bila kuhama timu.

Alifariki nyumbani kwake, mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, akiwa na miaka sabini na kitu. Arobaini yake imeshapita. Kulia tumeshalia. Leo, kwa ruhusa ya familia, tunashangilia.

Tuanzie kwa baba yake. Mzee Azzam alikuwa na duka Mtoni, kandokando ya Barabara ya Kilwa. Mchele, mafuta ya taa, sabuni ya mche. Mtu mkali. Dukani hakucheka. Nyumbani hakucheka. Lakini kila Idi Pili alifunga duka, akamshika Thuraya mkono, wakaenda kwenye viwanja vya bembea. Wakati ule hakukuwa na mota. Katikati ilisimama nguzo, juu yake mwavuli wa chuma, na kwenye mwavuli vikaning'inia viti. Chini ya nguzo ilitoka miti mirefu, na wanaume wenye vifua wakaisukuma kwa kuzunguka. Mwavuli ukizunguka, viti vinafunguka nje, na wewe umo humo.

Bi Thuraya aliniambia hivi, namnukuu: "Kofia ya baba ikaruka. Mie nikajua leo tumekwisha. Nikamtazama. Baba anacheka, mwanangu! Anacheka mpaka meno ya nyuma nayaona. Nikasema kumbe baba yangu yuko huku juu, kule dukani wanatuletea mtu mwingine."

Kuanzia siku ile hakukosa.

Sasa nieleze nilivyomfahamu. Miaka miwili iliyopita, wiki ya mwisho ya Ramadhani, nilikuwa hewani napokea simu za salamu. Mnajua zilivyo: nawasalimu wote wanaonifahamu, shemeji yangu wa Kipawa, na kadhalika. Ikaingia simu ya mama mmoja. Nikamwambia shikamoo mama, salamu zako ziende kwa nani? Akajibu: "Marahaba. Mie sina salamu kwa mtu. Mie nataka watu wazima wasiokuwa na haya. Waje Mtoni Idi Pili, Kwa Erasmus, waje wapande bembea." Akakata simu.

Nilicheka hewani mpaka fundi mitambo akaweka muziki. Kesho yake nikamfuata hukohuko Kwa Erasmus.

Alinitembeza uwanja mzima kama mtu anayekuonyesha nyumba aliyoijenga. Gurudumu la juu akalisifu kwa heshima. "Hili ni muungwana. Linakupandisha polepole, linakuonyesha mapaa ya Mtoni, linakurudisha salama. Lakini halikuulizi swali lolote." Farasi wa mbao akawasalimu mmoja mmoja. Wawili hawakuwa na masikio. "Huyu sikio nilimng'oa mie, nilikuwa mtoto. Alikuwa anakimbia, nami nikataka akimbie zaidi." Treni ndogo inaingia kwenye kibanda cha giza, na ndani kuna popo wa plastiki. "Kila mtu anamjua yule popo. Na kila mtu anapiga kelele. Huo ndio ustaarabu."

Kwenye magari ya kugongana akasimama kidogo. "Hapa ndipo nilipomjua marehemu mume wangu. Kila akimgonga mtu, anaomba samahani. Anagonga, samahani. Anagongwa, samahani vilevile. Nikasema huyu nitaishi naye."

Nikamuuliza, je, hizi bustani mpya za kuteleza kwenye maji, ambako watoto wote siku hizi wanakimbilia? Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu Vaileth, huko ni kuoga."

Mwisho tukafika kwenye bembea ya minyororo. Rangi ilikuwa imebabuka, minyororo ina kutu ya juujuu. Siku hizi inaendeshwa na mota, na mota inaendeshwa na jenereta. Ile miti ya kusukumia bado ilikuwepo chini. Mwenye viwanja, Mzee Erasmus, alitaka kuikata alipofunga mota, Bi Thuraya akamkatalia. Basi ikabaki, ikawa ya kuanikia matambara. "Hii haikubebi," akaniambia. "Hii inakuachia. Miguu yako haina pa kukanyaga. Hapo ndipo unajijua wewe ni nani."

Na hiyo ndiyo iliyokuwa inauzwa. Wasikilizaji wapendwa, shikeni hapo. Bembea ya minyororo ilikuwa inauzwa kwa watu wa skrepa. Ikatwe vipande, ipakiwe kwenye lori la Fuso, basi.

Mzee Erasmus si mtu mbaya. Ni mtu wa Bukoba, mpole, anavaa koti hata kwenye joto la Machi. Alinieleza kwa uchungu: "Nilimwambia, Bi Thuraya, watoto hawaji tena. Viti vichache vinakaa watu, vilivyobaki vinakaa upepo. Mimi nitazungusha upepo mpaka lini?"

Bi Thuraya akamwomba siku moja tu. Idi Pili. Wakapatana hivi: kuanzia adhuhuri mpaka adhana ya alasiri, kila mzunguko, viti vyote vijae. Vikijaa, bembea inabaki. Mzunguko mmoja ukishindikana, kwa sababu yoyote ile, Fuso linakuja.

Nani alimpinga zaidi? Binti yake. Ahlam ni mtu wa ofisini, huko mjini, mtaratibu, kila kitu chake kimenyooka. Miaka yote alimsindikiza mama yake Kwa Erasmus, akasimama kwenye uzio, akamshikia mkoba na viatu. Kupanda, hapana. Ahlam mwenyewe amenipa ruhusa kuyasema haya: "Nilikuwa naona aibu. Mama mtu mzima, baibui, miguu hewani. Nilimwambia, mama, wenzangu kazini wakikuona nitauweka wapi uso wangu? Akanijibu, uweke hapohapo ulipo, mwanangu, ni mzuri."

Idi Pili ikafika. Nami nikafika, na kinasa sauti changu.

Wasikilizaji wapendwa, watu walikuja! Majirani wa Mtoni walikuja, akina mama na mabaibui yao. Bi Thuraya akawafunga khanga miguuni mmoja mmoja ili upepo usiwaumbue. Walikuja makarani wa Kipawa wamevaa tai. Na kutoka Kibamba, mwisho wa jiji kabisa, ilikuja kwaya nzima ya kanisa, na sare zao, siku ya Idi! Mwalimu wao wa kwaya akasema walisikia redioni kuna mama anataka watu wasio na haya, wakaona wameitwa wao.

"Viatu chini!" ndiyo amri ya pale. Kandambili zikiruka hewani zinaumiza watu. Basi wakavua, wakapanga chini. Makubazi, raba, viatu vya kung'aa vya makarani. Minyororo ikalia, mwavuli ukazunguka, na watu wazima wakaanza kupiga mayowe. Hamjawahi kusikia mhasibu akipiga yowe la namna ile.

Mzunguko baada ya mzunguko, viti vikajaa. Ikafika mahali karani mmoja akashuka, kizunguzungu kimemkamata, kiti chake kikabaki kitupu. Kwaya imekwenda kunywa maji, foleni imekatika. Bi Thuraya, naye yuko kitini, anatazama kushoto, anatazama kulia. Hapo kibanda cha tiketi kikafungwa, pa! Akatoka Bi Kokushubila, mke wa Mzee Erasmus. Akavua viatu. Mumewe akamuuliza, unakwenda wapi? Bi Kokushubila akasema, "Miaka yote nawauzia watu kitu nisichokijua." Akaketi.

Wakaruka. Na wakiwa juu, jenereta likakohoa, likakohoa tena, likazima.

Minyororo ikaanza kulegea. Viti vikaanza kushuka, polepole. Adhana ya alasiri bado. Mzunguko unashindikana, na Fuso limeshaagizwa. Mzee Erasmus amesimama, mikono ndani ya koti. Kwa mapatano yao, ameshinda.

Kutoka juu ikaja sauti. Ninayo kwenye kinasa, na familia haipendi niicheze, kwa hiyo nitawasimulia tu. Bi Thuraya alipiga kelele: "Ahlam! Miti!"

Ahlam yuko kwenye uzio. Mkononi mkoba wa mama yake, mkono mwingine makubazi ya mama yake. Akaniangalia mimi. Akaangalia watu. Kisha akaweka mkoba chini, vumbini. Akaweka makubazi. Akavua viatu vyake vya kisigino, akainama akapita chini ya viti, akang'oa matambara kwenye mti, akausukuma.

Ule mti haukwenda peke yake. Ulikuwa mzito. Lakini Gibson wa bodaboda akamwona, akaruka uzio, "Sista, sogea nikupe nguvu!" na wenzake wa kijiweni nyuma yake. Mwavuli ukajibu. Viti vikapanda tena. Kwaya ikarudi mbio, ikaanza kuimba na kupiga makofi ya mwendo, na wanaosukuma wakafuata mwendo huo.

Na kwenye mti wa mwisho, uliokuwa hauna mtu, nikamwona mzee mwenye koti. Mzee Erasmus anasukuma! Yeye ambaye angekaa tu akashinda. Baadaye nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mke wangu alikuwa anacheka huko juu. Sikutaka aache."

Walisukuma mzunguko ule, wakasukuma na iliyofuata, mpaka adhana ya alasiri ikasikika. Viti vyote vimejaa. Narudia, wasikilizaji wapendwa, niacheni nirudie maana raha yake haiishi: viti vyote vimejaa! Bi Thuraya akashuka, hana kiatu, khanga imelegea, akamwambia Mzee Erasmus, "Haya, sema." Mzee akasema, "Inabaki." Vigelegele vilivyopigwa pale, nasikia mpaka watu wa Temeke sokoni walidhani kuna harusi.

Fuso lilikuja kesho yake. Likauziwa jenereta.

Bembea ikapakwa rangi, ikafungiwa umeme wa uhakika. Lakini ile miti, watu wazima wa Mtoni wanaisukuma wenyewe kila Idi Pili, kwa kupenda. Bi Thuraya aliipanda mwaka huo na mwaka uliofuata. Wa tatu hakuufikia. Aliswali alfajiri, akarudi kitandani akapumzika, Ahlam akampelekea chai, akamkuta ameshatangulia.

Ahlam alinisimulia siku ya msiba. Nyumba imejaa, wanawake wanasoma Kurani, yeye hajalia tangu asubuhi. Akatoka nje kupunga hewa. Akafungua mlango. "Nikaona viatu, Vaileth. Viatu vimejaa kibarazani mpaka njiani. Makubazi, raba, viatu vya wale makarani. Nikasahau kabisa ni siku gani. Nikainua macho juu kumtafuta mama." Hapo ndipo akalia.

Idi Pili hii nilikwenda tena. Na mie, ambaye hata kupanda stuli kubadilisha taa namwita jirani, nilipanda. Kelele mliyoisikia mwanzoni mwa kipindi, kando ya minyororo, ni yangu, na sioni haya. Nilifumba macho. Tulipokwenda kasi, nikasikia mtu anacheka nyuma yangu. Kicheko kile kinachoanzia tumboni, kinachokatika na kuanza upya. Nakijua kicheko kile. Nikafumbua macho nikageuka kumtazama Bi Thuraya.

Alikuwa Ahlam. Baibui limefungwa khanga, miguu hewani, meno ya nyuma yanaonekana.

Tuliposhuka nikamuuliza, leo viatu vyako kakushikia nani? Akasema, "Hakuna. Nimeviacha pale chini na vya wenzangu."

Kwa familia ya marehemu Mzee Azzam, kwa Ahlam, kwa Mzee Erasmus na Bi Kokushubila, na kwa watu wote wa Mtoni, sisi wa kipindi hiki tunawapa pole. Mmepoteza mtu. Mwenyezi Mungu amrehemu, ampe makazi mema, na kama huko kuna kitu kinachozunguka, ampe kiti cha nje.

Nawe unayenisikiliza, jikoni, dukani, ofisini: yuko mtu wako mzima anayependa jambo ambalo wewe unalionea aibu. Unamjua. Usisubiri kibaraza chake kijae viatu vya watu. Mfuate wiki hii, vua vyako, ukae naye kiti cha pili.